Nani Alimpa Nani Chupa

Jeddah, 18 Oktoba 2024

Kwako Pius Ireri, Riyadh,

Naandika kwa sababu umenifungia simu. Mtu wa miaka hamsini na moja, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, ananifungia simu kama tulikuwa wachumba. Nikajaribu kwa namba ya Morgan, mwenzangu wa chumba, ukaifunga na hiyo. Basi nikamwendea Hezekiah, yule dereva wetu wa trela anayeleta makasha huko kwenu kila wiki. Nilitaka akufikishie ujumbe kwa mdomo. Akakataa, akasema yeye hubeba mizigo, habebi matusi, niandike nifunge bahasha. Nimenunua karatasi hizi mtaa wa Sharafiya kwa Mhindi, Mmalabari anayeuza simu, na akaniuliza kama mtoto wangu amefungua shule.

Nimechoka, Pius, wacha nianze hapo. Hapa bandarini makasha hayaishi. Unahesabu meli moja, nyingine imeshatia nanga, na chuma kinakurudishia joto usoni mpaka jioni. Nikifika chumbani kwetu Karantina miguu haitaki kuvuliwa viatu. Morgan hunichemshia chai na hanisemeshi mpaka niimalize, na kwa hilo nitamwombea mbinguni.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni imesema sisi Wakenya tunapata nafasi moja tu ya kwenda nyumbani kabla ya Idd. Mimi na wewe tuko juu ya orodha kwa pamoja, kwa sababu tuliingia nchi hii kwa ndege moja. Mudir, yaani meneja, hataki kesi yetu mezani kwake. Amesema mmoja wetu atie sahihi tanazul, aiachie haki yake, na mwingine aende. Tusipoelewana kufikia mwisho wa Novemba, nafasi inashuka kwa anayefuata. Anayefuata ni huyu Morgan, mlinzi wa lango, na mwenyewe akisikia anacheka.

Unajua nataka kwenda kwa nini. Siku ya pili ya Krismasi parokia kule Embu inafanya mbio za baiskeli za kumkumbuka Padre Ottavio, yule Mwitaliano wetu wa misheni. Njia ni ileile, kutoka misheni mpaka juu ya kilima cha Karima na kurudi, baiskeli za blakmamba tupu, hakuna cha gia. Na wazee wamepewa mbio zao. Mimi nimekuwa nikizingoja mbio hizo tangu tuache kushindana, na wewe unajua tuliachana vibaya kwenye ile kona ya mwisho. Halafu nasikia nawe umeomba ruhusa. Wewe uliyeuza baiskeli yako, uliyesema mambo ya mbio ni ya watoto! Kama si kunizibia njia, ni nini?

Mkumbuke Padre. Kumbuka ile picha aliyoitundika darasa la katekisimu, karibu na Msalaba kiasi kwamba akina mama walinong'ona. Bartali na Coppi, wale mabingwa wa baiskeli wa Italia, kwenye mlima wa Ufaransa, mwaka wa hamsini na mbili, chupa ya maji iko katikati yao, na Waitaliano mpaka leo wanabishana ni nani aliyempa nani. Wewe akakuita Bartali kwa sababu ulipenda kusali. Mimi akaniita Coppi, nyinyi mkasema Kopi, kwa sababu nilipenda kutoroka. Na kumbuka habari ya Valkenburg, kule Uholanzi, mwaka wa arobaini na nane, mbio za ubingwa wa dunia. Wale wawili walikuwa timu moja ya Italia, lakini kila mmoja kazi yake ilikuwa kumwangalia mwenzake asije akaenda. Wakaangaliana mpaka wenye mbio wakaenda zao. Mwishowe wote wawili wakashuka kwenye baiskeli, Mbelgiji akachukua taji, na shirikisho la kwao likawaadhibu. Padre akifika hapo macho yalikuwa yanalowa, utadhani yalitokea juzi.

Usitufanyie Valkenburg. Tia sahihi.

Rika lako,
Abel Njagi


Riyadh, 25 Oktoba 2024

Abel,

Barua imefika. Hezekiah alisimama pale yadi akitaka kuniona nikisoma. Nikamwambia aende akale.

Kwanza, sikukufungia simu kwa sababu ya ruhusa. Ni kwa lile neno. Uliniita wa kuokotwa. Mara ya mwisho nilisikia neno hilo tukiwa darasa la tatu, na aliyelisema mamako alimfuata mpaka kwao. Mwanamke huyo alinichukua siku mama yangu alipozikwa, akanilaza kitanda kimoja na wewe, na hakuna siku aliyoniambia nisogee. Najua ulikuwa na hasira. Hata hivyo nimelisikia.

Pili, sitatia sahihi. Sababu siwezi kukuambia. Sio mbio. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi za basi, mbio nitazitoa wapi? Ukitaka niamini, usipotaka basi.

Huku kazi ni ileile. Asubuhi nawapeleka wafanyakazi, jioni nawarudisha, katikati nakaa ndani ya basi kama kuku anayeatamia. Ijumaa huwa naona vijana wa hapa wakipita na baiskeli nyepesi, unaweza kuinua moja kwa kidole. Wamevaa nguo za kubana, na nyuma kuna gari linalowabebea maji. Juzi nikalisimamisha basi pembeni nikawatazama mpaka wakaisha. Nikakumbuka sisi gari letu la maji lilikuwa ni mamako, pale juu ya Karima, na jerikeni ya manjano na kikombe cha bati.

Nimekuwa nikimfikiria Coppi, yule wa kweli. Padre hakupenda kusimulia alivyokufa, ilibidi tumsumbue. Alikuja kwetu Afrika, Volta ya Juu, ile Burkina Faso ya leo, akarudi Italia na homa. Madaktari wakasema ni mafua. Ilikuwa malaria. Alikufa siku ya pili ya mwaka wa sitini, na alikuwa na miaka arobaini tu. Nyanya yeyote wa kwetu angemgusa paji akajua. Mtu akikuambia ni mafua tu, Abel, usikubali haraka. Sijui kwa nini nimeandika haya. Huenda ni uchovu.

Mungu akulinde,
Pius Ireri


Jeddah, 1 Novemba 2024

Pius,

Nimekuuliza ruhusa, unanijibu malaria ya Coppi. Wewe ni mtu wa ajabu sana. Siku zote ulikuwa hivyo hata barabarani, unakaa nyuma ya gurudumu langu, husemi, huvuti, unangoja tu nichoke. Halafu kona ya mwisho, huyo! Unapita na kusema samahani. Sasa umekaa nyuma ya ruhusa yangu.

Lile neno lilinitoka, na nisingependa mamangu alisikie. Lakini acha na mimi nikuambie langu, maana nimelibeba tangu tukiwa na miaka kumi na sita. Unayataja maji ya Karima? Mimi ndiye niliyekuwa nafika mbele. Mimi. Nafika juu ulimi uko nje, naiona jerikeni, naona mamangu mzazi amekishika kikombe, na kikombe kinanipita. Anakungojea wewe. Nasimama pale napumua kama ng'ombe, mpaka wewe unafika, unakunywa, ndipo na mimi napewa. Mlima wote nilikuwa nimekushinda, na bado nakunywa wa pili. Padre aliona, akacheka, akasema hata Italia hawajui ni nani aliyempa mwenzake. Mimi nilijua vizuri sana ni nani hakupewa.

Na sasa nakuuliza kitu kimoja tu, unasema sababu huwezi kuniambia.

Nilimpigia Mami Jumapili. Nilitaka tuonane kwa picha, akakataa kama kawaida yake, anasema uso wa mtu si kitu cha kutumwa. Tukaongea kidogo. Sauti ilikuwa chini, akasema ni mafua ya ile baridi ya Julai ambayo hayajamtoka. Nikamwambia nitakuja Desemba kwa mbio. Unajua alinijibu nini? Nisihangaike. Ati nitulie na kazi, nije kwa raha zangu baada ya Idd. Halafu akakuulizia wewe, unakula, unalala, umekonda? Hata yeye yuko upande wako. Nilikata simu nikakaa kitandani na viatu.

Morgan anasema tumpe yeye hiyo nafasi tumalize. Anatania, lakini ana mtoto ambaye amemwona kwenye simu tu.

Novemba imeshaingia. Tia sahihi, Pius. Nakuomba sasa, sikuamrishi.

Abel


Riyadh, 15 Novemba 2024

Abel,

Umeshinda. Leo baada ya swala nimeenda ofisini, nimemkuta mudir wa huku akinywa gahawa, nimetia sahihi tanazul na kidole nimeweka. Nafasi ni yako. Usinishukuru, na usiwaambie watu wa bandarini kwamba Pius aliogopa mlima.

Nimefikiria sana kuhusu kikombe. Nilikuwa mtoto, nilidhani ndivyo ilivyo, anayefika amechoka zaidi ananyweshwa kwanza. Sikuwahi kuutazama uso wako. Ungeniambia wakati ule ningekuachia, nakuapia.

Sasa nikuombe jambo moja, na usiniulize kwa nini. Ukifika Embu, usipitie misheni kuangalia baiskeli. Nenda nyumbani moja kwa moja. Kaa na mama. Ukiona kuna haja ya kukaa naye siku ya mbio, kaa, mbio zitakimbiwa na wengine. Nilimwapia mtu kwamba sitasema zaidi ya hapo, na kiapo changu nakiweka. Lakini sikuapa kukuzuia kwenda kujionea kwa macho yako, kwa hivyo nenda ukajionee.

Bahasha hii Hezekiah anaondoka nayo sasa hivi. Nitakufungulia simu ukiwa Nairobi.

Pius


Jeddah, 15 Novemba 2024

Pius, ndugu yangu,

Nimeshajua. Dada yangu Maryann amenipigia jana akilia, akasema hawezi tena kubeba hili peke yake. Mami ni mgonjwa tangu Julai. Si mafua. Ni tumbo, na hospitalini wamewaambia wamrudishe nyumbani apumzike. Maryann amenieleza pia kwamba Mami alikuita wewe. Ulimwapia hutaniambia, na ndiyo maana ukaomba ruhusa, na mimi hapa nakuandikia matusi ya baiskeli.

Nilimuuliza Maryann, mbona Pius, mbona si mimi? Akasema Mami alilisema wazi. Alisema, "Abel akisikia atatoroka kazini usiku huohuo, watamshika, na nitakufa nikiwa na mtoto jela. Pius ataomba ruhusa kama watu."

Iliniuma, Pius, sitakuficha. Halafu nikalala, nikaamka, nikaona ni kweli. Mimi ni Kopi. Nikiona mlima naondoka kabla ya wakati. Ningekuwa sasa hivi niko barabara ya uwanja wa ndege bila karatasi, bila ikama, kile kibali cha kuishi huku, nikibishana na askari.

Kwa hivyo leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nimetulia. Nimeoga, nimevaa shati, nimeenda kwa mudir wa hapa na nimetia sahihi tanazul. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mami amekuita wewe, basi wewe ndiye utakayeenda. Mtu mgonjwa hapewi asichoomba.

Mpelekee salamu zangu. Mwambie najua, na sijatoroka. Na lile neno, Pius, nisamehe. Hakuna wa kuokotwa nyumbani kwetu.

Hezekiah yuko safarini kutoka kwenu, kwa hivyo hii nampa Allan, dereva mwenzake, anayeondoka saa hizi. Nimejaribu kukupigia kwanza. Bado umenifunga.

Abel


Riyadh, 22 Novemba 2024

Abel,

Allan na Hezekiah walikutana kwenye kituo cha mafuta katikati ya jangwa. Wakanywa chai pamoja, wakacheka mambo yao, kila mmoja ana bahasha yetu kwenye gari, kisha huyu akaja huku na yule akaenda huko. Hezekiah amenisimulia mwenyewe. Alikuwa ananisimulia nikiwa nimeshika barua yako.

Nimeenda kwa mudir huyohuyo. Nikamwambia nimebadilisha mawazo, naitaka haki yangu. Akageuza kompyuta ili nione. Tanazul yako na yangu zimeingia siku moja, yako Jeddah na yangu Riyadh, na mfumo umefanya ulichoambiwa. Jina lililotoka ni la Morgan. Viza yake imeshapigwa na tikiti imekatwa. Nikamweleza kuhusu mama. Hakuwa mtu mbaya, aliagiza gahawa nyingine akanipa. Lakini alisema kuifuta viza ya Morgan hakutarudisha ya kwetu, sisi tutaomba upya baada ya Idd. "Halas, ya Pius," akaniambia. "Mafi." Yaani imekwisha, hakuna tena.

Nimekaa ndani ya basi mpaka abiria wakagonga kioo.

Padre angesema nini? Wale wa Valkenburg walipoteza kwa sababu kila mmoja hakutaka mwenzake ashinde. Sisi tumepoteza kwa sababu kila mmoja alitaka. Na mwisho wake ni uleule, wote wawili tumeshuka, na mtu wa tatu ameenda zake. Kama ningekufungulia simu hata kwa dakika moja, Abel. Nilikuwa nimeshika kiburi changu kama mtu anayeshika nauli.

Nimekufungulia leo. Nimepiga, hukuchukua. Najua unachofikiria. Najua jinsi unavyokaa kabla ya kuondoka, mabega yanashuka kidogo, nimekaa nyuma ya gurudumu lako miaka mingi. Usitoroke. Ukitoroka utakamatwa kabla ya kuiona Nairobi, watampelekea mama habari hiyo, na ndilo jambo pekee alilotuomba lisitokee. Nakuomba. Nivumilie, nivute, nitukane, lakini kaa.

Pius


Jeddah, 29 Novemba 2024

Pius,

Nimekaa.

Nilikuwa nimeshafunga begi, usifikiri hunijui. Morgan alilikuta mlangoni. Alilifungua, akatoa shati moja baada ya jingine, akayatundika yote, kisha akalichukua begi tupu akaweka nguo zake. Baadaye akaniambia atairudisha nafasi, aende kwa mudir akatae ndege. Nikamwambia ameshaambiwa haitarudi kwetu, na mtoto wake hajui harufu ya babake, aende. Akalia yeye badala yangu. Jitu zima, mlinzi wa lango.

Simu yako niliiona. Sikuchukua kwa sababu nilijua ukisema tu jina langu nitavunjika, na nilikuwa katikati ya makasha, Wapakistani wananitazama. Tukiongea tuongee tukiwa tumekaa.

Morgan amesema kabla ya kwenda kwao Homa Bay atapitia Embu. Nikamwambia ni mbali, si njia yake. Akasema ameshapewa mlima na watu wawili, hawezi kukosa kuupanda. Nimempa shuka la kumpelekea Mami na tende. Wewe sikukuuliza, nimesema zimetoka kwetu sote.

Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka kwenye baiskeli. Pale angalau ulikuwa unajua juu ni wapi.

Abel


Embu, 9 Desemba 2024

Kwa wazee wangu wawili, Abel na Pius,

Hii nimeiandika kwa karatasi halafu nimeipiga picha, kwa sababu naona kwenu nyinyi mambo hayawi mambo bila barua. Mwandiko mnisamehe, shule niliiacha mapema ilipoanza kuniuma.

Nimefika kwenu. Hicho mnachokiita kilima ni ukuta, wacheni uongo. Boda alinishusha chini akasema pikipiki yake haipandi na mtu wa ukubwa wangu. Nimepanda kwa miguu na begi, na nikafikiria nyinyi mlipanda hapa na blakmamba mkikimbizana, na nani aliwatuma.

Maryann alikuwa amemwambia nakuja. Mama hatoki kitandani siku hizi, wazee wangu, lazima niwaambie ukweli, amebaki mdogo sana. Lakini siku hiyo aliwalazimisha wambebe na kiti mpaka langoni. Nilimkuta amefunikwa blanketi, ameshika kikombe cha bati na mikono miwili, na maji yanamwagika kidogokidogo. Nikamsalimu. Hakuitikia salamu. Akasema, "Umepanda Karima. Kunywa."

Nikanywa yote. Sikuwa na kiu hivyo, nilikunywa kwa niaba.

Nilimpa shuka na tende, nikamwambia ni za watoto wake wawili. Akalipapasa shuka, macho hayaoni vizuri. Nikamwambia Abel anajua kila kitu na hajatoroka, yuko kazini, anakula. Hapo alishusha pumzi ndefu, Maryann akadhani amelala. Kisha akaniuliza swali ambalo nililiogopa kutoka Jeddah. Akauliza, kati yao, ni nani alimwachia mwenzake nafasi?

Ningemdanganya, lakini mimi uongo unanitoka vibaya. Nikamwambia, "Mama, wote wawili. Siku moja. Ndiyo maana umeniona mimi."

Kisha akaanza kucheka. Mwanzo nilidhani ni kikohozi. Alicheka mpaka Maryann akampokonya kikombe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye anacheka. Akasema anawajua, wajinga wake wawili.

Abel, nilimuuliza na lile lako. Hukunituma, lakini ulinisimulia mara nyingi chumbani, nikaona si vizuri nipande mlima wote nirudi bila jibu. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anampa Pius maji kwanza. Hakufikiria hata kidogo. Alisema, "Abel alijua maji ni yake hata yakichelewa. Huyu mwingine ilibidi aone."

Akataka arudishwe ndani. Tulipokuwa tumembeba alinishika shati, akasema, "Waambie nimecheka."

Basi nimewaambia. Kesho naelekea Homa Bay kumwona huyu mtoto wangu anayenijua kwa simu tu.

Mdogo wenu,
Morgan


Jeddah, 20 Desemba 2024

Pius,

Jana usiku tuliongea mpaka salio likaisha, kwa hivyo habari unayo. Lakini naona Hezekiah anaondoka na mkono wangu umeshazoea kukuandikia. Na kuna kitu sikuweza kukisema kwa mdomo.

Maryann amenipigia tena asubuhi. Mami atazikwa Ijumaa ijayo, siku baada ya mbio. Parokia ilitaka kuziahirisha mbio, Maryann akakataa, alisema Mami angewauliza vijana ni nani aliyewaambia wakose kukimbia. Jerikeni yake ya manjano wataiweka pale juu na kikombe. Atakayefika atajinywea mwenyewe, hakuna wa kumgojea mtu.

Nimeomba siku mbili, mudir amenipa bila neno. Nitapanda basi Alhamisi, nitakuwa Riyadh Ijumaa asubuhi. Maryann atashika simu wakati wa misa na pale kaburini, nasi tutakaa kwako tutazame kwa kioo kimoja. Mami hakupenda uso wake utumwe, lakini nadhani hii moja atatuachia.

Nimelisoma lile jibu lake mara nyingi, lile la maji. Zamani ningelikasirikia. Ningesema mtoto wa miaka kumi na sita angelijuaje, si angeniambia? Sasa nimekaa nalo kitandani, na naona ni kweli nililijua. Hakuna siku niliyodhani kikombe hakitanifikia. Nilichukia kungoja tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukifika pale juu hujui.

Nimelia kazini leo, mbele ya Wapakistani, na mmoja wao akaniletea kiti.

Nikifika usinipikie. Huko kwenu ni baridi, toa blanketi la pili. Weka maji mezani, kikombe kimoja kinatosha. Kunywa wewe kwanza, halafu unipe.

Ndugu yako, mtoto wa Mami,
Abel